Anwani za Berlin: Kuisoma Historia ya Wapenzi wa Jinsia Moja kwa Baiskeli

Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wa chuo cha michezo cha Berlin walifika kwa malori, bendi ya matarumbeta ikipiga, mbele ya jumba lililokuwa kando ya bustani ya Tiergarten, mtaa wa In den Zelten. Humo ndimo ilimokuwa Taasisi ya Elimu ya Jinsia, iliyofunguliwa na daktari Magnus Hirschfeld mwezi Julai 1919. Vijana wale walivunja milango, wakaingia maktaba, wakachukua vitabu, picha na majalada. Siku nne baadaye, usiku wa Mei 10, vitabu hivyo vilitupwa motoni katika uwanja wa Opernplatz, ambao leo unaitwa Bebelplatz, pamoja na vya waandishi wengine wengi ambao utawala wa Nazi haukuwataka. Kutoka ilipokuwa taasisi hadi uwanja ule ni kilomita mbili na ushei. Kwa baiskeli hazizidi dakika kumi na tano, hata taa za barabarani zikikusimamisha kila njiapanda.

Nimeutaja umbali huo kwa sababu ndio kiini cha mjadala ninaotaka kuupima. Miji kadhaa ya Ulaya na Marekani leo ina misafara ya baiskeli inayopita mahali ambapo wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia waliishi, walikutana, walishtakiwa na wakati mwingine waliuawa. Berlin ni mmojawapo, na labda ndio mji wenye mengi zaidi ya kuonyesha. Wapo wanaouliza kama hiyo ni njia ya heshima ya kusoma historia yenye damu ndani yake, au ni matembezi ya watalii yaliyovikwa joho la elimu. Wengine huuliza jambo la msingi zaidi: kwa nini mambo ya faragha yawekewe vibao njiani?

Msimamo wangu ni kwamba historia hii inapaswa kusomewa palepale ilipotokea, na baiskeli inaifikia vizuri kuliko chombo kingine chochote. Lakini njia nyingi zinazochorwa leo huishia kwenye sehemu tamu na kukwepa nusu ya habari. Nusu hiyo ndiyo inayonishughulisha.

Tuanze na sababu ya kwenda mahali penyewe. Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kilichoanza kutumika nchi nzima baada ya dola kuungana mwaka 1871, kilifanya mapenzi kati ya wanaume kuwa kosa la jinai. Kosa la aina hiyo halina mlalamikaji. Watu wawili wazima wamefunga mlango wao kwa ridhaa, hakuna aliyeumizwa, hakuna atakayekwenda kituoni kushtaki. Ili sheria kama hiyo ifanye kazi, polisi lazima wajue mlango uko wapi. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 polisi wa Berlin walikuwa na kitengo maalumu cha shughuli hiyo, kikikusanya majina, picha na anwani. Kwa miaka mingi waliruhusu baa na kumbi ziendelee, kwa kuwa ni rahisi kuwatazama watu waliokusanyika kuliko waliotawanyika. Orodha zikakua kimyakimya kabatini. Wanazi waliposhika madaraka hawakuhitaji kuanza upya: walirithi majina, na mwaka 1936 wakaunda ofisi ya taifa zima ya kuyakusanya mengine. Waliobaki waliletwa na majirani, wenye nyumba na wafanyakazi wenzao waliopeleka habari kwa polisi.

Hivyo yule aliyeteswa chini ya Kifungu cha 175 aliteswa kwanza kwa anwani yake. Kumrudishia anwani hiyo hadharani, kwamba aliishi hapa, alicheza dansi pale, alichukuliwa kutoka ghorofa ile, ni sehemu ya kumrudishia haki yake. Kitabu kinaweza kutaja mtaa, lakini msomaji akisimama mbele ya mlango wenyewe ataona dirisha la jirani lilivyo karibu. Ataelewa mwenyewe nani aliona nini.

Baiskeli inaingiaje? Kwa jiografia. Ukitembea kwa miguu Berlin utaweza kuuzunguka mtaa mmoja tu kwa siku, na karibu kila mwongoza wageni atakupeleka Schöneberg. Hapo, kwenye ukuta wa kituo cha treni cha Nollendorfplatz, kuna kibao cha jiwe chenye umbo la pembetatu ya rangi ya waridi, alama waliyoshonewa wafungwa wa aina hii katika kambi za mateso za Wanazi. Kiliwekwa mwaka 1989. Hatua chache kutoka hapo, nyumba namba 17 ya Nollendorfstraße, aliishi mwandishi Mwingereza Christopher Isherwood, ambaye vitabu vyake ndivyo vilivyoipa dunia picha ya Berlin ya wakati ule. Kwenye kona ya Motzstraße na Kalckreuthstraße palikuwa na ukumbi wa Eldorado, uliojaa wasanii, matajiri, wanawake waliovaa suti na wanaume waliovaa magauni, hadi ulipofungwa na baadaye kugeuzwa ofisi ya wapiganaji wa chama cha Nazi. Haya yote ni kweli na yanastahili kuonwa. Lakini anayeishia hapo ataondoka akiamini kwamba historia ya watu hawa ni historia ya baa, na kwamba wahusika wake walikuwa wanaume wenye fedha za kununua kinywaji kila usiku.

Ukiwa juu ya baiskeli, Schöneberg inakuwa kituo cha kwanza tu. Unavuka mfereji wa Landwehrkanal kuelekea Niederkirchnerstraße, zamani Prinz-Albrecht-Straße, yalipokuwa makao makuu ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Unaingia Tiergarten. Unapita Unter den Linden hadi Bebelplatz, ambapo msanii Micha Ullman alichimba chini ya mawe ya uwanja chumba cheupe chenye rafu tupu, unachokitazama kupitia kioo kilicho chini ya miguu yako. Unaendelea hadi Alexanderplatz, lilipokuwa jengo kubwa la makao makuu ya polisi pamoja na makabati yake. Mahali pote hapo pako mbali mno kwa miguu, lakini ni karibu sana kwa pedeli. Tena unaona jambo ambalo basi la watalii haliwezi kukuonyesha, kwamba ukumbi wa dansi, taasisi ya daktari, ofisi ya mtesaji na uwanja wa moto vilikuwa ndani ya eneo moja dogo la mji. Mtu angeweza kuvipita vyote katika safari moja ya kwenda kazini. Wengi walivipita hivyo kila siku.

Sasa nije kwenye nusu inayokwepwa, nianze na wanawake. Kifungu cha 175 kiliwataja wanaume tu. Wako wanaochukulia hilo kuwa ni bahati kwa wanawake, na kwa upande wa mahakama ilikuwa nafuu kweli. Lakini matokeo yake katika kumbukumbu ni mazito. Pasipo kosa hapana jalada, na pasipo jalada hapana anwani. Mtafiti anayechora ramani akitegemea nyaraka za polisi atapata mamia ya wanaume na wanawake wachache sana, halafu ataondoka akidhani wanawake hawakuwepo. Kumbe walikuwepo. Gazeti la Die Freundin lilianza kutoka mwaka 1924 likiwaandikia wao, likatangaza dansi zao na vilabu vyao. Mwanamke aitwaye Lotte Hahm aliongoza klabu ya Violetta, iliyokuwa na wanachama wengi na kufanya safari za pamoja. Msafara unaofuata majalada ya polisi pekee unautazama mji kwa macho ya polisi. Kile ambacho polisi hawakukijali, nao haukijali.

Namna ya kuliepuka kosa hilo ipo, na iko Schöneberg hukohuko, Eisenacher Straße. Tangu mwaka 2012 pana eneo dogo la kumkumbuka Hilde Radusch, mkomunisti aliyekuwa diwani wa jiji kabla ya Wanazi, akakamatwa mwaka 1933, akanusurika vita, na katika uzee wake akaanzisha pamoja na wenzake kikundi cha wanawake wanaopenda wanawake. Alikufa mwaka 1994. Habari zake hazikutoka kwenye jalada la mashtaka ya mapenzi. Zilihifadhiwa na wanawake waliomjua, waliomhoji na kutunza karatasi zake. Upande wa kaskazini, Anklamer Straße, hifadhi ya Spinnboden imekusanya kwa miongo mingi barua, picha, majarida na mabango ya wanawake wa aina hii. Kwangu mimi hifadhi kama hiyo ina uzito kuliko ukumbi wowote wa dansi uliofungwa, na msafara usioipitia una dosari.

Suala hilohilo la wanawake lilizua mzozo juu ya mnara wa kumbukumbu ya wapenzi wa jinsia moja walioteswa na Wanazi, ulio Tiergarten na uliofunguliwa tarehe 27 Mei 2008. Ni bonge la zege lililoinama kidogo, kazi ya wasanii Michael Elmgreen na Ingar Dragset, lenye kidirisha kimoja; ukichungulia unaona filamu fupi ya watu wakibusiana. Mpango wa mwanzo ulikuwa wanaume wawili tu, wanawake wakalalamika, na mwafaka ukawa filamu ibadilishwe kila baada ya muda. Wapo waliosema kelele zile zilikuwa za bure, kwa kuwa waliofungwa kwa kifungu kile walikuwa wanaume. Siwaungi mkono. Mnara haujengwi kuthibitisha hukumu za mahakama. Hujengwa kuonyesha taifa limemtambua nani, na wanawake waliopoteza vilabu vyao, magazeti yao na marafiki wao walikuwa na haki ya kudai kuonekana. Kidirisha hicho kimeshavunjwa na wahuni mara kadhaa. Anayedhani vita hii imekwisha Ujerumani akasimame hapo alitazame zege lenyewe.

Wapo pia waliojihisi kuwa wa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Berlin ya wakati ule iliwapa baadhi yao hati ya polisi iliyowaruhusu kuvaa nguo za jinsia wanayojihisi bila kukamatwa, na Hirschfeld ndiye aliyekuwa akiandika maoni ya kitabibu ya kuwaombea. Dora Richter, aliyefanya kazi za nyumbani katika taasisi yake, ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani kufanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia. Kwa miaka mingi ilisadikiwa kwamba aliuawa katika uvamizi wa mwaka 1933. Hati zilizopatikana miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba alinusurika na akaishi hadi 1966. Hilo linanifurahisha sana, na linawaonya wachoraji wa njia za historia: usimzike mtu kwa sababu kifo chake kinaipendezesha hadithi yako.

Kipindi kinachorukwa kuliko vyote ni kile cha baada ya vita. Misafara mingi hushuka hadi 1945, kisha inaruka moja kwa moja hadi maandamano ya rangi nyingi ya miaka ya 1970. Ukweli hauruki hivyo. Wanazi walikikaza Kifungu cha 175 mwaka 1935, na chini yake watu wapatao 50,000 walitiwa hatiani hadi utawala wao ulipoanguka. Ujerumani Magharibi, nchi ya kidemokrasia yenye katiba mpya inayosifiwa hadi leo, iliendelea na kifungu kilekile, kwa maneno yaleyale ya Wanazi, hadi mwaka 1969. Katika miaka hiyo iliwatia hatiani watu wengine wapatao 50,000. Baadhi yao walikuwa wametoka kambini wakidhani wameokoka. Tarehe 10 Mei 1957, miaka 24 kamili tangu usiku wa moto wa Opernplatz, Mahakama ya Katiba huko Karlsruhe iliamua kwamba kifungu hicho hakipingani na katiba. Kilifutwa kabisa mwaka 1994. Waliohukumiwa baada ya vita walisafishwa majina yao mwaka 2017, kwa fidia ya yuro 3,000 kwa kila hukumu na yuro 1,500 kwa kila mwaka walioanza kuutumikia gerezani. Wengi wao walikuwa wameshakufa.

Ningependa kila msafara wa baiskeli unaopita Berlin usimame mbele ya mahakama ya jinai ya Moabit, Turmstraße, jengo kubwa ambalo hadi leo linafanya kazi. Pale mgeni angejifunza kwamba mateso hayahitaji dikteta. Yanaweza kuendeshwa na hakimu mpole, kwa utaratibu mzuri, chini ya bendera ya uhuru, na wananchi wema wakaendelea kunywa kahawa yao.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini sisi. Namwomba apande baiskeli tufike Brunnenstraße namba 193, hatua chache kutoka Rosenthaler Platz. Mbele ya mlango, katikati ya mawe ya njia ya waenda kwa miguu, kuna kijiwe chenye uso wa shaba, upana wake sentimita 10 kwa 10. Ni kimojawapo cha vijiwe vilivyobuniwa na msanii Gunter Demnig, ambavyo sasa vimezidi 100,000 Ulaya nzima, kila kimoja kikiwekwa mbele ya nyumba aliyoishi mtu aliyeteswa na Wanazi. Kijiwe hiki ni cha Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904.

Husen alikuwa mtoto wa askari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, na mwenyewe akatumikishwa na jeshi hilo akiwa mtoto katika Vita Vikuu vya Kwanza. Alifika Berlin mwaka 1929. Alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu za kuutukuza ukoloni, ikiwamo ile ya mwaka 1941 iliyomsifu mkoloni Carl Peters. Alikuwa ameoa mwanamke Mzungu. Mwaka huohuo wa 1941 alikamatwa kwa kushutumiwa kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo utawala ule uliliita aibu kwa mbari. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Husen hakuwa mpenzi wa jinsia moja, wala sitaki kumwingiza katika historia isiyo yake. Lakini tazama mashtaka yake, kisha tazama mashtaka ya wenye pembetatu ya waridi waliokuwa nyuma ya ukuta uleule. Wote walifungwa kwa sababu dola ilijipa mamlaka ya kuamua nani ampende nani. Kwa wale kigezo kilikuwa jinsia, kwa huyu kilikuwa rangi. Mwalimu wa lugha yetu alikufa chini ya mantiki ileile. Ndiyo maana sikubali tunapoambiwa kwamba historia hii ni ya Wazungu peke yao, na ndiyo maana nasema wachoraji wa njia hizi wanakosea wanapoipita Brunnenstraße bila kusimama, hasa kwa kuwa Anklamer Straße iko jirani.

Majina ya mitaa nayo yanathibitisha kwamba historia hii si ya Wazungu peke yao. Karibu na Nollendorfplatz palikuwa na Einemstraße, kwa heshima ya Karl von Einem, waziri wa vita wa Prussia aliyetaka wapenzi wa jinsia moja waangamizwe. Mwaka 2013 mtaa huo ulipewa jina la Karl Heinrich Ulrichs, mwanasheria ambaye mwaka 1867 alisimama mbele ya mkutano wa wanasheria huko Munich kuwatetea hadharani. Neukölln palikuwa na Wissmannstraße, kwa heshima ya Hermann von Wissmann, ambaye majeshi yake yalivunja upinzani wa pwani yetu, na Abushiri akanyongwa Pangani mwaka 1889. Tangu mwaka 2021 mtaa huo unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mwanasiasa wetu wa Tanzania. Kreuzberg, ukingo wa Mto Spree uliokuwa na jina la mjenzi wa ngome ya biashara ya watumwa sasa una jina la May Ayim, mshairi mwenye asili ya Ghana. Na sehemu ya Manteuffelstraße imepewa jina la Audre Lorde, mshairi Mmarekani mweusi aliyependa wanawake, ambaye alianza kufundisha Berlin mwaka 1984 na kuwahimiza akina Ayim waandike maisha yao wenyewe. Kutoka mtaa wa Lameck hadi wa Lorde, kisha hadi ukingo wa Ayim, ni safari fupi ya alasiri moja.

Hapa ndipo ninapomjibu anayelalamika kwamba faragha inatolewa barabarani. Kwa miongo mingi majina ya majenerali walioua na mawaziri waliotaka kuua yalikuwa juu ya nguzo za mitaa, na wachache tu walilalamika. Walioivunja faragha ni wale walioingia chumbani na taa na kalamu, wakaandika majina. Kibao kinachosema hivyo leo hakifichui chumba cha mtu yeyote. Kinafichua ofisi.

Hofu ya utalii ina uzito zaidi, na siipuuzi. Nimeona makundi makubwa yakipita mahali pa huzuni kwa kelele na muziki, kila mtu akinyanyua simu. Kinachosaidia ni masharti. Kundi liwe dogo, la watu wanaoweza kusimama mbele ya mlango bila kuwazuia wakazi kupita. Mwongozaji awe ameketi na nyaraka, si tu kukariri hadithi za kusisimua. Sehemu ya malipo iende kwa hifadhi zilizotunza habari hizi wakati hakuna aliyezitaka, kama Spinnboden au Schwules Museum, iliyoanzishwa mwaka 1985. Na watu washuke. Vijiwe vya Demnig havisomeki ukiwa juu ya kiti cha baiskeli. Lazima ushuke, usimamishe baiskeli na uiname. Halmashauri za wilaya za Berlin, ambazo ndizo zenye mamlaka ya majina ya mitaa, zingeweza kuweka alama za njia hii kwa fedha ya umma, kama mji ulivyoweka alama kwenye njia ya baiskeli ya zaidi ya kilomita 150 inayofuata ulipopita Ukuta wa Berlin. Historia ikiachiwa wafanyabiashara peke yao, itaishia kwenye kumbi za dansi.

Kuna sharti moja jingine, na hili nalisema kwa ndugu zangu wa Afrika Mashariki. Kenya na Tanganyika zilipewa kanuni za adhabu na Waingereza mwaka 1930, na vifungu vinavyoadhibu mapenzi haya bado vimo: 162 na 165 nchini Kenya, ambako Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019, na 154 nchini Tanzania, ambako adhabu hufika kifungo cha maisha. Uganda ilitunga sheria kali zaidi mwaka 2023. Ramani ya anwani ni haki pale sheria ilipokwisha kufutwa. Pale sheria ingali hai, ramani hiyohiyo ni kazi ya polisi iliyofanywa bure. Mtu yeyote, mwanahistoria, mwanahabari au mwanaharakati, asithubutu kuchora kwa Nairobi, Mombasa, Kampala au Dar es Salaam njia itakayoonyesha milango ya watu walio hai. Habari zao zikusanywe kwa ridhaa yao, zifichwe vizuri, na zisubiri. Berlin inatufundisha orodha iliyokaa kabatini kwa nia njema au mbaya inaweza kufanya nini utawala ukibadilika.

Na kwa Mswahili anayeishi Berlin au anayepita huko, nina ombi. Baada ya Schöneberg na Tiergarten usirudi hotelini. Panda treni ya S1 na baiskeli yako, uikatie tiketi yake, ushuke Oranienburg. Lango la makumbusho ya Sachsenhausen halina kiingilio. Humo alifia Husen, na humo kuna kibao cha kuwakumbuka wafungwa wa pembetatu ya waridi. Kisha endesha takriban kilomita mbili hadi kwenye mfereji, karibu na Lehnitz, palipokuwa na kiwanda cha matofali cha Klinkerwerk. Wafungwa walitembezwa njia hiyo kwenda kazini. Kati ya Julai na Septemba 1942, wafungwa wapatao 200 wa pembetatu ya waridi waliuawa huko.